Likizo ya risoti ya ufukweni nje ya nchi bila kuvuruga bajeti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi tukianza kupanga tunaangalia picha ya chumba na bei ya usiku mmoja, tunaona inawezekana, halafu ndo tunaanza kukutana na nauli, kodi, boti ya kwenda kisiwani, viza na mabegi. Bei ya chumba siyo bei ya safari. Hesabu inayotakiwa ni ya kuanzia unapofunga mlango wa nyumbani mpaka unapourudia, na majibu yote hapa chini yanazunguka hapo hapo.

Nianze na nini, nchi, hoteli au tiketi?

Anza na jumla ya hela uliyonayo na tarehe unazoweza kuondoka, hoteli iwe ya mwisho. Kwenye hiyo jumla toa kwanza asilimia 10 mpaka 15 iweke pembeni ya dharura, usiiguse, inayobaki ndo bajeti yenyewe. Kisha tafuta nauli za sehemu tatu au nne tofauti kwa tarehe hizo hizo, maana nauli unailipa ile ile ukikaa siku 4 au siku 10, kwa hiyo safari ya mbali yenye nauli kubwa inaleta maana ukikaa muda mrefu, ila kama una siku chache tafuta ufukwe wa karibu wenye ndege ya moja kwa moja hata kama chumba kimezidi kidogo. Watu wanasahau pia kwamba ndege ya kuunganisha mara mbili inakula siku nzima ya kwenda na nyingine ya kurudi, na zile ni siku za likizo umeshazilipia.

Ukishajua nauli, gawanya kinachobaki kwa idadi ya usiku. Sasa ndo ufungue picha za hoteli.

Msimu gani ni nafuu na bado hali ya hewa ni nzuri?

Kila sehemu ina msimu wa juu, msimu wa chini na ile miezi ya katikati, na hiyo ya katikati ndo ya kuwinda. Bei imeshuka au haijapanda bado, na bahari haijachafuka. Ila usikariri mwezi mmoja ukadhani unafaa dunia nzima, kila bahari ina tabia yake.

Thailand kwa mfano ina pande mbili zisizofanana. Upande wa Phuket na Krabi mvua na mawimbi makubwa ni kama Mei mpaka Oktoba, wakati Koh Samui iliyo upande wa pili inapata mvua zake nzito zaidi Oktoba mpaka Disemba. Mtu akikwambia Agosti Thailand ni mvua tupu muulize upande gani, maana mwezi huo Samui mara nyingi iko poa kabisa. Karibi msimu rasmi wa vimbunga ni 1 Juni mpaka 30 Novemba, na Agosti hadi Oktoba ndo pabaya zaidi, lakini Aruba, Bonaire na Curaçao ziko kusini sana na kwa kawaida vimbunga haviwagusi, kwa hiyo ukipata ofa ya Septemba huko siyo sawa na ofa ya Septemba visiwa vya kaskazini. Pwani ya Mexico ya upande wa Karibi, yaani Cancún, Playa del Carmen na Tulum, kuna suala la mwani wa kahawia unaoitwa sargasamu, unaletwa na bahari kwa wingi hasa kuanzia majira ya kuchipua mpaka kiangazi, unaoza ufukweni na harufu yake siyo ya mchezo. Kabla hujalipa angalia picha ambazo wageni wamepiga wiki hizo hizo mwaka uliopita.

Mauritius vimbunga vyake ni Novemba mpaka Aprili, na kuanzia Juni mpaka Agosti upande wa mashariki una upepo mkali wakati upande wa magharibi umetulia. Antalya ya Uturuki inafaa Mei mpaka Oktoba, na Mei au mwanzo wa Oktoba unapata risoti kubwa kwa bei nzuri kuliko Julai ambako wote wenye watoto wa shule wako huko. Kwa bahari yenye joto, Oktoba ina faida kuliko Mei, maji yanakuwa yameshapashwa na kiangazi chote.

Kifurushi cha kila kitu ndani (chumba, chakula na vinywaji kwa bei moja) kinalipa kweli?

Inategemea unaenda kufanya nini. Mtindo huu umesambazwa na kampuni ya likizo ya Club Med, kijiji chao cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1950 kisiwani Mallorca, na wazo lilikuwa mgeni akishalipa asifikirie tena pesa. Kwa familia yenye watoto wanaokula kila baada ya masaa mawili, au kwenye kisiwa cha risoti ambako hamna duka wala mgahawa mwingine, kinalipa tena sana. Kwa mtu anayetaka kutoka asubuhi kuzunguka mji na kurudi usiku hakilipi, unakuwa umelipia chakula cha mchana ambacho hutakila.

Hesabu yake ni rahisi, chukua bei ya kifurushi toa bei ya chumba na kifungua kinywa peke yake kwenye hoteli hiyo hiyo, tofauti igawe kwa siku na kwa watu. Hiyo namba ndo unayolipia mchana, usiku na vinywaji. Kisha fungua menyu za migahawa iliyo jirani uone kama ungetumia zaidi au pungufu. Na soma vizuri hicho "kila kitu" ni kitu gani, maana kuna sehemu migahawa ya kuagiza inalipiwa pembeni na wewe una bafe tu, vinywaji ni vya kienyeji tu, maji ya chupa chumbani ni siku ya kwanza tu, na baa inafunga saa nne usiku. Mimi kwa sehemu zenye mji karibu nachagua kifungua kinywa na chakula cha usiku, mchana unajitafutia, ni njia ya kati nzuri ambayo watu wanaipita bila kuiangalia.

Maldives ni ya matajiri tu?

Hapana, ila ndo sehemu ambayo bei ya kwenye skrini inadanganya kuliko zote, kwa hiyo tuikokotoe pamoja. Tuseme umeona chumba cha risoti dola 200 kwa usiku, usiku 5, watu wawili. Hiyo ni 1,000. Risoti nyingi zinaongeza tozo ya huduma asilimia 10, inakuwa 1,100. Juu yake kodi ya utalii ambayo tangu Julai 2025 ni asilimia 17, inakuwa 1,287. Halafu kuna kodi ya kijani, risoti ni dola 12 kwa mtu kwa usiku tangu Januari 2025, hapo watu wawili usiku 5 ni 120, umefika 1,407. Na bado hujatoka uwanja wa ndege! Usafiri wa kwenda kisiwani unalipiwa kwa kichwa kwenda na kurudi, na kama kisiwa kiko mbali ni ndege ndogo inayotua majini ambayo kwa watu wawili inaweza kukaribia bei ya chumba chenyewe. Ndege hizo haziruki usiku, ukitua Malé, mji mkuu, jioni unalala hapo kwanza, gharama nyingine.

Kwa hiyo chuja hivi: risoti inayofikiwa kwa boti ya kasi kutoka uwanja wa ndege, ndege yako itue asubuhi au mchana, na bei uliyoiona hakikisha imeandikwa kodi zote ndani.

Njia ya pili ni visiwa wanavyoishi wenyeji, kama Maafushi, Thulusdhoo au Dhigurah, kuna nyumba za wageni na hoteli ndogo bei ya kawaida kabisa, kodi ya kijani kwa zile zenye vyumba 50 au pungufu ni dola 6, na kuna boti za abiria. Maji ni yale yale ya kijani-bluu. Ujue tu visiwa hivyo ni vya Waislamu wanaoishi maisha yao, pombe hairuhusiwi, na nguo za kuogelea zinavaliwa kwenye ufukwe uliotengwa kwa wageni, ukitoka hapo unajisitiri. Ukitaka kuonja risoti kuna tiketi za kukaa siku moja kwenye risoti ya jirani unarudi kulala kwako.

Na kile chumba cha juu ya maji ambacho kila mtu anakiota, chukua usiku mmoja au mbili za mwisho tu, siku za mwanzo lala chumba cha ufukweni. Kumbukumbu utakuwa nayo ile ile.

Picha za hoteli ni nzuri zote, nitajuaje ufukwe wenyewe ukoje?

Fungua ramani ya setilaiti, vuta karibu mpaka uione hoteli na maji ya mbele yake. Ukiona rangi nyeusi-nyeusi inaanzia ukingoni ujue ni matumbawe au majani ya bahari, hapo kuogelea ni kwa viatu vya maji, ukiona rangi nyepesi inaenda mbali ni mchanga. Angalia kama kuna barabara kati ya hoteli na ufukwe, maana "hatua chache kutoka baharini" mara nyingine ni kuvuka barabara yenye magari. Angalia na kiwanja cha jirani kama kuna jengo linajengwa, hakuna kinachoharibu likizo kama nyundo ya saa moja asubuhi.

Kisha nenda kwenye maoni ya wageni, panga ya karibuni kwanza, usisome yale ya nyota 5 wala ya nyota 1, soma ya nyota 3 maana hao ndo wanaeleza vizuri. Na tazama picha zao wageni siyo za hoteli, hasa zilizopigwa maji yakiwa yamekupwa, kuna fukwe bahari ikikupwa inaondoka mbali sana na mchana mzima huna pa kuogelea.

Sehemu zenyewe zinatofautiana hata ndani ya eneo moja. Kule Antalya, ufukwe wa Lara ni mchanga ila Konyaaltı na Kemer ni kokoto. Kule Bali, Indonesia, fukwe za Kuta na Seminyak ni mawimbi ya wanaoteleza na ubao, mwenye watoto wadogo aende Sanur au Nusa Dua ambako mwamba unazuia mawimbi. Sharm el Sheikh ya Misri, hoteli nyingi mbele yake kuna mwamba wa matumbawe, unatembea juu ya gati ya mbao mpaka ukingoni ndo unaingia kwenye kina, kwa anayependa kutazama samaki ni peponi, kwa asiyejua kuogelea ni shida.

Na neno "mwonekano wa bahari" lisikuchanganye, kuna wa mbele kabisa na kuna wa pembeni ambao unaiona bahari ukisimama kwenye kona ya roshani. Kama chumbani unaenda kulala tu chukua cha bustani, hiyo tofauti itakulipia matembezi mawili matatu.

Nijipangie mwenyewe au niende kwa wakala?

Linganisha vyote, dakika kumi zinatosha. Kwa risoti kubwa zenye ndege za msimu kama Antalya, Punta Cana (Jamhuri ya Dominika) au Sharm, kifurushi cha ndege na hoteli pamoja mara nyingi kinashinda maana wanakodi viti na vyumba kwa jumla. Kwa safari ya visiwa viwili au miji miwili kujipangia ndo kunakuwa nafuu. Ukishapata bei kwenye tovuti ya bukingi waandikie hoteli moja kwa moja uwaulize kama wanaweza kuifikia hiyo bei na kukuongezea kitu, kwa mfano usafiri wa uwanja wa ndege au kuchelewa kutoka chumbani, wengi wanakubali.

Buku mapema chumba kinachofutika bure, halafu endelea kuchungulia, bei ikishuka unafuta unachukua mpya. Bei isiyorudishwa ichukue tu kama tiketi na viza viko mkononi.

Tiketi mbili za mashirika tofauti ni nafuu kuliko moja, nichukue?

Chukua ukijua unabeba hatari mwenyewe. Ukiwa na tiketi moja na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika ndo linatakiwa kukutafutia nyingine. Ukiwa na mbili zisizohusiana la pili linakuhesabu hukutokea, tiketi imekufa, na mabegi unayachukua mwenyewe na kuyakabidhi upya, kitu ambacho kinaweza kukulazimu kupita uhamiaji na hivyo kuhitaji viza ya nchi ya kati. Kama tofauti ya bei ni ndogo usihangaike. Kama ni kubwa weka usiku mzima katikati.

Viza na pasipoti, nini kinakwamisha watu?

Pasipoti kwanza. Nchi nyingi zinataka iwe na miezi 6 mbele na kurasa tupu, na uwanja wa ndege shirika linakagua hilo kabla hata hujaonana na uhamiaji, ukikosa hupandi na hela hairudi. Angalia tarehe leo kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhusu viza, angalia tovuti ya serikali au ubalozi wa nchi unayoenda, usiende na alichosema mtu maana inategemea pasipoti yako. Maldives wanatoa siku 30 bure ukifika kwa pasipoti karibu zote, unajaza tu fomu yao ya mtandaoni ndani ya masaa 96 kabla ya safari. Thailand tangu 1 Mei 2025 kila mgeni anajaza kadi ya kuwasili ya kidijitali ndani ya siku 3 kabla, nayo ni bure. Zote hizi zina tovuti za kuiga zinazotoza hela, kuwa makini sana. Bali kuna tozo ya rupia 150,000 kwa kila mgeni tangu Februari 2024. Fukwe za Ulaya kama Ugiriki, Hispania na Ureno ni viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari na isiwe chini ya siku 15, lakini kiangazi miadi inajaa, usisubiri.

Na cheti cha homa ya manjano, kama unatoka au umepita nchi yenye ugonjwa huo wengi watakuuliza, Maldives na Thailand zikiwemo. Chanjo inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo ya dakika za mwisho haikusaidii. Ila ukishachoma cheti ni cha maisha, utaratibu huo upo tangu Julai 2016.

Bima ya safari ni lazima?

Schengen ni lazima kwa viza, isiyopungua euro 30,000 ya matibabu. Kwingine hata kama hawaulizi kata, na mimi hapa sibembelezi mtu, visiwa vingi hospitali kubwa iko mbali na kusafirishwa kwa ndege ya wagonjwa kunaweza kula akiba ya miaka. Cha kuangalia ni matibabu, kusafirishwa, kufutwa kwa safari, na michezo ya majini kama utacheza. Ikate siku ile ile unayolipia tiketi, siyo wiki ya kuondoka, maana sehemu ya kufutwa safari inaanza kukulinda pale tu unapoikata.

Kadi au keshi?

Vyote viwili, na kadi mbili zikae sehemu tofauti. Mashine ikikuuliza ulipe kwa hela ya kwenu au hela ya pale, chagua ya pale siku zote, ile nyingine wanakupigia kiwango chao cha kubadilisha na mara nyingi ni kibaya. Hoteli inaweza kuzuia kiasi fulani kwenye kadi yako ukifika kama dhamana, hawajakata ila huwezi kuitumia mpaka waiachie, na kwa kadi ya benki ya kawaida hiyo ni hela yako ya matumizi imeshikwa siku kadhaa. Waulize kabla ni kiasi gani.

Tunaenda na watoto, kuna la ziada?

"Mtoto bure" uliza mpaka umri gani, na bure ni kitanda peke yake au na chakula, maana kila hoteli ina mpaka wake. Vyumba viwili vyenye mlango katikati mara nyingine ni nafuu kuliko kile kikubwa cha familia. Mzazi mmoja akisafiri na mtoto abebe barua ya ridhaa ya mwenzake na cheti cha kuzaliwa, kuna nchi wanauliza.

Matembezi, kupiga mbizi na kukodi pikipiki vinagharimu kiasi gani?

Bei inategemea pale ulipo, ila matembezi yale yale yanayouzwa mapokezi ya hoteli kwa kawaida utayakuta nje kwa bei ya chini, hakikisha tu boti ina maboya ya kutosha watu wote. Ukipiga mbizi panga iwe mwanzo wa likizo, wataalamu wa tiba ya mbizi wanashauri kusubiri angalau masaa 18 kabla ya kupanda ndege kama umezama mara kadhaa, kwa hiyo siku ya mwisho haina mbizi. Pikipiki kama leseni yako haina daraja la pikipiki acha, kwa kawaida bima hailipi hata shilingi ukianguka, na kwa visiwa kama Phuket na Bali ajali za wageni wa pikipiki ni nyingi mno.

Nibebe nini ili nisinunue bei za risoti?

Mafuta ya kuzuia jua, kofia, viatu vya maji, miwani ya kuogelea, dawa zako na za tumbo. Duka la risoti linajua huna pa kwenda. Kuhusu hayo mafuta, Hawaii tangu Januari 2021 imepiga marufuku kuuza yenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati na Palau ilianza 2020, kwa ajili ya matumbawe, basi nunua yasiyo na hivyo hata unapoenda kwingine. Pawabenki inakaa begi la mkononi, siyo la chini. Sigara za kielektroniki acha nyumbani, Thailand na Maldives ni marufuku.

Bahari yenyewe ni salama?

Fuata bendera. Bendera mbili zenye nyekundu juu na njano chini maana yake kuna waokoaji, ogelea katikati ya bendera hizo, nyekundu tupu usiingie hata kama unaona wengine wako ndani. Ukivutwa na mkondo kwenda kilindini usipambane nao kurudi moja kwa moja, utachoka, ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo ndo urudi, na ukishindwa elea, pungia mkono, ita. Wafundishe na wenzako kabla hamjaingia siku ya kwanza.

Nimefika na chumba siyo nilicholipia, nifanyeje?

Usifungue mabegi. Piga picha na video, rudi mapokezi na karatasi ya bukingi yenye jina la aina ya chumba, ongea kwa upole na mtu anayeweza kuamua, mwambie unataka nini hasa, kuhamishwa leo au kurudishiwa tofauti. Wakikwambia kesho waambie waandike kwa barua pepe. Muda huo huo wajulishe na wakala au tovuti uliyobuku ukiwa bado upo pale, maana malalamiko ya baada ya kurudi nyumbani yanabishiwa kirahisi, wanakuuliza mbona ulikaa siku zote bila kusema. Na ukikuta wamekupa kizuri kuliko ulicholipia, uliza kwanza kama kuna nyongeza kabla hujasaini.